Barua ya Wazi: Kabla ya Kuwaita Wachawi, Kagueni Kikombe

Kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Kilifi. Kamishna wa Kaunti. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Na Kamati ya Afya ya Bunge la Kaunti.

MINT: NYUMBA YA WAGONJWA MAHUTUTI ILIYO BARA YA MALINDI

Waheshimiwa,

Ng'ambo ya mto Sabaki, ndani kabisa ya mikanju, kuna nyumba inayopokea wagonjwa ambao hospitali zimewarudisha makwao. Kibao cha nje kinasema ni mahali pa kupumzikia wazee. Wanaoiendesha si madaktari, wala si watawa. Ni waganga, na uganga wao si wa kutibu, ni wa mauti. Mchana wanakanda migongo, wanakoroga uji, wanafua mashuka. Usiku wanavaa kaniki, wanafukiza ubani, wanamzunguka anayekata roho na kumnong'oneza sikioni ujumbe wa kumpelekea Kifo, ambaye wanamtaja kama mtu mwenye cheo. Majina ya waliotangulia yameandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa chumba cha ndani, na kila mwezi unapoandama husomwa yote, la kwanza hadi la mwisho.

Najua wapo kati yenu ambao wamekwisha kutabasamu. Wapo pia ambao wamekwisha kushika simu kumpigia OCS, mkuu wa kituo cha polisi. Nawaomba nyote msubiri nimalize.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimekesha wodini hapa Pwani zaidi ya nusu ya umri wangu, na nyumba hiyo nimeingia kwa miguu yangu, kwa sababu binamu yangu, mtoto wa mamangu mdogo, alifia humo kwa saratani ya umio. Jina la kijiji sikuliandika hapa, na ni kwa makusudi. Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, waliyotuachia Waingereza tangu 1925, inamtia hatiani mtu anayemwita mwenzake mchawi, isipokuwa anapompelekea habari chifu, polisi au mwenye mamlaka mwingine. Basi ninyi ndio wenye mamlaka: jina na ramani ya njia nimeviacha ofisini kwenu ndani ya bahasha, na karani aligonga muhuri wa kupokea. Lakini kusema kweli siogopi sheria hiyo. Naogopa kiberiti.

Mnajua ninachokisema. Katika kaunti hii mzee mwenye mvi na macho mekundu ya moshi wa kuni anaweza kukatwa mapanga usiku kwa neno moja la mjukuu wake. Mara ngapi tumesikia ni uchawi, halafu kaburi halijakauka shamba limeshagawanywa? Kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliotoroka nyumba zao wenyewe, wakiwindwa na watoto waliowazaa. Nikitaja kijiji leo, vijana watafika kabla ya gari lenu kuwashwa. Na mle ndani wamo wagonjwa wasioweza hata kujigeuza kitandani. Watakaoungua kwanza ni hao.

Upande wa pili kuna Shakahola, msitu ambamo wafuasi wa mchungaji Paul Mackenzie walifunga hadi kufa kwa njaa, ambayo sihitaji kumsimulia mtu yeyote wa Malindi. Aprili 2023 tulianza kuhesabu miili tukiwa na mshangao. Tukapita 100, tukapita 200, na hesabu iliposimama ilikuwa zaidi ya 400. Chumba cha maiti cha hospitali yetu kilijaa hadi yakaletwa makontena ya baridi. Wengine tulikaa nje ya geti tukiwapa maji watu waliotoka Nyanza na Magharibi kutafuta ndugu zao. Kamati ya Seneti iliyochunguza maafa yale ilikuta kwamba habari zilikuwa zimewafikia wenye ofisi mapema, wakazilalia. Mchungaji mwenyewe alishapita mahakamani zaidi ya mara moja; Machi 2023, watoto wawili wakiwa tayari wamekufa kwa njaa, aliachiliwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Kisha mwaka 2025, Kwa Binzaro, eneo lilelile la Chakama, majembe yakaingia ardhini tena. Kwa hiyo mtu akija kuniambia "Mama, achana na mambo ya watu, hiyo ni imani yao," namwangalia tu.

Nirudi kwa binamu yangu, kwa kuwa humo ndimo lilimo jambo lenyewe.

Saratani ya umio humnyima mtu ugali, kisha uji, kisha mate yake mwenyewe. Kwetu wengi hufika hospitali wakiwa wamekonda, chakula kimekwisha kugoma, na lile ambalo lingefanyika mapema halifanyiki tena. Hospitali iliyompokea (siitaji, kwa kuwa zingine zingefanya vilevile) ilimruhusu arudi nyumbani na pakiti ya panadol. Vidonge. Mtu asiyeweza kumeza mate akapewa vidonge. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu, akamwambia mkewe: "Mama, hatuna jingine la kumfanyia." Nyumbani alilia usiku na mchana. Majirani walianza kuzungushia njia mbali. Mkewe aliisikia ile nyumba sokoni, kwa mwanamke aliyemzika mumewe aliyetoka huko, akaambiwa sentensi moja tu: "Wangu hakulia tena." Basi akatafuta bodaboda mbili, moja ya mgonjwa na wa kumshikilia, nyingine ya godoro.

Nilipofika kumwona nilimkuta amelala usingizi. Hilo peke yake lilinisimamisha mlangoni. Shuka lilikuwa safi, mgongo hauna kidonda hata kimoja, na wauguzi wenzangu wanajua kazi inayotakiwa ili mgongo wa mgonjwa kama yule usitoke vidonda. Alipoamka alinijua, akaniuliza kama mwembe wa kwetu umezaa. Nilikuwa sijasikia akisema sentensi nzima kwa muda mrefu sana.

Ila muuguzi hastaafu macho. Mboni zake zilikuwa zimesinyaa hadi zikawa nukta. Alikuwa akivuta pumzi polepole mno. Tumbo lilikuwa halijafunguka siku kadhaa. Yeyote aliyewahi kushika zamu katika wodi ya upasuaji anazijua dalili hizo: mtu huyu anapewa dawa ya jamii ya afyuni. Si mizizi. Si mwarobaini. Si maji ya kombe. Nikamuuliza yule mama aliyekuwa akimpangusa uso, "Ndani ya kikombe mnatia nini?" Akanijibu kwa sauti ya upole kabisa, "Tunatia ruhusa."

Sikulipenda jibu hilo, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo linavyozidi kunikera.

Kwa maana njia ni mbili tu. Ama ile ni mofini ya hospitali, na kama ni hiyo, mahali fulani katika kaunti yetu kuna kabati la DDA, la kufungia dawa kali zinazodhibitiwa, ambalo daftari lake halilingani na chupa zake. Ama ni unga wa mtaani, yaani heroini, uleule unaowamaliza vijana wetu hapa mjini, unaopimwa kwa kijiko cha chai na mtu anayeamini kwamba Kifo ni mwenyeji wake. Yote mawili yanawahusu ninyi kabla ya kumhusu mganga yeyote.

Hapa naomba niseme kuhusu mofini, kwa sababu nimechoka kusikia ikisemwa kama sumu. Ni unga unaoyeyushwa kwenye maji safi, unatiwa chupani, mgonjwa anakunywa kwa kipimo kila baada ya saa nne, na kipimo cha kulalia kinaweza kuongezwa maradufu ili asiamshwe usiku wa manane. Anapewa pamoja na dawa ya kulainisha choo, kwani bila hiyo tumbo litafunga. Unaanza na kidogo, unamwuliza anavyojisikia, unaongeza mpaka maumivu yatulie, na kila unapompa unamtazama anavyopumua. Shirika la Afya Duniani lilitoa ngazi yake ya dawa za maumivu ya saratani mwaka 1986, na kwenye kidato cha juu mofini imo. Haifupishi maisha ikipimwa sawasawa. Wala mgonjwa wa saratani aliyebakiwa na wiki chache hatageuka teja. Na si saratani peke yake: watoto wetu wa selimundu wanaolia kwa mifupa wanaijua pia, wale waliobahatika kuipata.

Nairobi wana hospisi, kituo cha kuwatuliza wagonjwa wasiotibika, tangu 1990. Mombasa ipo Hospisi ya Pwani, na wanaofanya kazi pale Mungu awalipe. Lakini kutoka Malindi mjini hadi Mombasa ni kama kilomita 120, na hapo bado hujahesabu njia ya mtu wa Baricho au Marafa ya kufika Malindi kwenyewe, na mtu huyo hawezi kuketi. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 5, inapotaja haki ya afya inaitaja tiba ya kutuliza pamoja na ya kinga na ya kuponya, zote katika mstari mmoja. Serikali ilizindua sera ya huduma hiyo mwaka 2021, ya kutufikisha 2030. Wahudumu wa afya ya jamii waliozinduliwa 2023 wanapita nyumba kwa nyumba na mikoba yao: kipimajoto, mashine ya presha, mashine ya sukari. Wanapima vizuri. Wakimkuta mtu kama binamu yangu wanaandika, halafu wanaaga.

Jibu ninalolipata kila ninapouliza ni lilelile: mofini ni hatari, itaibwa, na Malindi ina mateja. Waheshimiwa, hospitali yetu hapahapa Malindi ina kliniki ya methadoni, iliyokuwa miongoni mwa za kwanza nchini, tangu 2015. Methadoni ni ya jamii hiyohiyo ya afyuni. Kila asubuhi inapimwa, inanywewa mbele ya mhudumu, inaandikwa. Vijana wanapanga foleni, na kazi inafanyika. Ikiwa tunaweza kumpimia kwa utaratibu kijana anayeacha unga, tunashindwaje na bibi wa Jilore mwenye saratani ya mlango wa kizazi? Uganda walibadilisha kanuni zao mwaka 2004 ili wauguzi waliosomea kazi hiyo waandike mofini wenyewe bila kungoja daktari, na si kwamba Uganda haina vijijini wala haina wezi.

Kwa hiyo pengo mliliacha wenyewe, na waganga wa mauti wakaingia humo na godoro safi.

Sasa niiseme hiyo ibada yao, maana najua ndiyo itakayowavutia zaidi waandishi wa habari. Kuishi karibu na wafu si ugeni kwetu. Waislamu tunaosha maiti wetu kwa mikono yetu na tunawasomea khitma. Wazee wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima kwa Wagiriama, huwachongea wenzao waliofariki vigango, nguzo za mbao za ukumbusho, na wakaja watu wakaving'oa usiku kama mihogo ya mtu, vikauzwa hadi vikaingia makumbusho ya Marekani. Jimbo la Illinois lilirudisha 37 mwaka 2023, na hapo ni vile tu vilivyopatikana. Hawa ninaowaandikia si Gohu. Niliwauliza wazee wawili wa kaya, wakasema hawawatambui na hawataki kuchanganywa nao, kwa kuwa Gohu humheshimu aliyekufa na hawa humheshimu aliyemuua. Lakini Ibara ya 32 ya Katiba, ya uhuru wa dini, haiwaulizi watu wanamwabudu nani. Mtu ana haki ya kuandika majina ukutani kwa mkaa. Ana haki ya kuvaa kaniki na kumnong'oneza mgonjwa maneno ambayo mimi nisingependa kunong'onezwa. Mkiwakamata kwa hilo, mtakuwa mmekamata ubani na kuacha kikombe.

Kinachoninyima usingizi ni kijiko. Mimi nilipokuwa nikipima mofini nilikuwa napimia maumivu. Kulikuwa na kabati lenye kufuli mbili, daftari, saini yangu na saini ya mwenzangu, na kama pumzi za mgonjwa zimepungua niliirudisha chupa kabatini na kumwita daktari hata kama ni saa tisa za usiku na ananuna. Kule, anayepima ni mtu ambaye kwake mwisho ndio sherehe. Huenda ni mkono wa huruma kuliko wangu. Mgongo wa binamu yangu unawashuhudia. Huenda pia, usiku wa mwezi mwandamo, jina moja likihitajika ukutani, kijiko kinajaa zaidi kidogo. Sisemi kwamba binamu yangu aliuawa. Nasema hakuna aliyeandika chochote, kwa hiyo hata nikitaka kuwatetea sina cha kushika.

Kuandika kwenyewe si jambo la kubuni. Sheria ya kusajili vizazi na vifo, Sura ya 149, inataka kila kifo cha nyumbani kipelekwe kwa naibu wa chifu, na kibali cha mazishi kitolewe. Nilipomwendea ofisa mmoja wa utawala huko bara kumwuliza ni vifo vingapi vimeandikwa kutoka nyumba ile, alifunga mlango kwanza. Kisha akasema, "Mama, hao hata sisi tunawaogopa." Simlaumu sana, analala kulekule. Lakini tangu lini daftari la serikali likawa na woga? Na ninyi wa kaunti msiseme ni kazi ya serikali kuu. Jedwali la Nne la Katiba limewakabidhi vituo vya afya, na katika orodha hiyohiyo, mistari michache chini, limewakabidhi makaburi.

Ninachoomba ni ukaguzi, wa mchana, wa kisheria, na wa haraka. Aende mfamasia achukue kile kinachotiwa kikombeni kikapimwe, na chupa za mofini za kila kituo cha kaunti zihesabiwe wiki hiyohiyo. Aende msajili akayanakili majina ya ukutani yote, ayalinganishe na vibali, na kila jina lioneshwe kaburi lake. Aende muuguzi mwenye umri, si kijana wa kutishika, azungumze na kila mgonjwa peke yake, bila mwenye kaniki chumbani, amwulize swali moja: ukitaka kurudi kwenu leo, unaweza? Shakahola wapo waliotaka kutoka, na msitu ukawa na walinzi. Kama mle kuna mlango uliofungwa kwa nje, hapo mniite nije na mimi kushuhudia mahakamani, na imani yao isiwaokoe hata kidogo.

Na kama mlango uko wazi? Kama chupa ni za halali na majina yanalingana? Basi mtakuwa na nyumba isiyo na leseni inayofanya kazi ambayo mmeshindwa kuifanya, na itabidi muwapatie muuguzi, kabati, daftari na masharti. Najua wengi hawatakubaliana nami hapa. Shekhe wangu hatakubaliana nami, ameshanieleza hivyo kwa upole. Mimi naona ni afadhali nimwone mwenye kaniki akitia saini mbele ya muuguzi wa serikali kuliko nimfukuze usiku, ahamie ng'ambo nyingine ya msitu na magodoro yake, mahali ambapo hakuna binamu wa mtu yeyote wa kwenda kuchungulia.

Jambo ambalo sitalikubali ni kufunga nyumba asubuhi na kuwapakia wagonjwa kwenye lori kuwarudisha kwenye panadol. Siku mtakapokwenda, mofini iwe imetangulia kufika katika zahanati ya jirani, pamoja na mtu aliyefundishwa kuitoa. Msinijibu habari ya bajeti. Unga wa mofini si dawa ya bei kubwa; kilicho ghali ni safari ya kutoka ofisini kwenu.

Kuhusu safari yenyewe: msiende na Land Cruiser yenye king'ora, mtafuatwa na kijiji kizima na mapanga kabla hamjafika. Gari la kliniki linatosha. Nendeni asubuhi, kwani mvua ikinyesha bara udongo ule mwekundu haupitiki alasiri. Piteni kwanza kwa mzee wa kijiji, nyumba yake nimeitia alama kwenye ramani, mumweleze kwamba ni wakaguzi wa afya na muwe kweli ni wakaguzi wa afya. Kitanda cha tatu kulia, wiki iliyopita, kulikuwa na mwanamke mchanga mwenye saratani ya titi na mtoto anayenyonya, aliyeachwa kwa shangazi yake. Anapenda kuzungumza jua linapokuwa bado halijapanda. Anzeni na yeye.

Wenu,
Muuguzi mstaafu,
Malindi